Kumsaidia kijana aukubali mwili wake: mwongozo wa kuanzisha programu shuleni

Wiki ya kwanza ya kidato cha kwanza huwa na kazi mbili: kuzoea sare mpya na kugawiwa jina la utani. Bonge, Tipwatipwa, Kimbaumbau, Mbilikimo, Lami. Anayepewa hucheka pamoja na wenzake, maana akinuna jina litaganda zaidi. Anafika kidato cha nne bado anaitwa hivyo, na wapo walimu wanaolijua jina hilo kuliko lile lililoandikwa kwenye rejista.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa malezi na unasihi, matroni, patroni au mkuu wa shule anayetaka kufanya jambo la maana kuhusu hilo. Nimeuandika nikizifikiria shule za sekondari za Tanzania, za kutwa na za bweni, zenye wanafunzi sitini darasani na bajeti ya chaki. Msimamo wangu nauweka mapema: programu ianzie kwa shule yenyewe, mwanafunzi afuate. Ukimwambia binti saa nne kwamba mwili wake hauna kasoro, halafu saa sita mwalimu mwingine akamwita "wewe mnene wa nyuma, simama," kipindi chako kimekwisha kazi.

Kwanza jua unachopambana nacho

Mitaala mingi ya nje inahusu jambo moja: wasichana wanaotaka kuwa wembamba. Ukiichukua ilivyo na kuileta Tabora au Tanga, nusu ya darasa itakuangalia kwa mshangao. Huku kwetu binti mmoja husikia amri nne kwa siku moja, zinazopingana. Awe na kiuno chembamba. Awe na shepu. Awe mweupe. Na asikonde mno, watu wasije wakasema anaumwa. Shangazi akifika kutoka kijijini, "Umenenepa!" ni hongera, na "Mbona umekonda hivyo?" huja na sauti ya wasiwasi, kwa sababu kizazi kilichozika ndugu kwa UKIMWI miaka ya 1990 bado kinauangalia wembamba kwa jicho la ugonjwa. Jioni hiyohiyo binti akifungua simu ya dada yake anakutana na tumbo bapa na maelekezo ya kulipata.

Wavulana nao wana orodha yao, ila hawaisemi: urefu, kifua, ndevu, sauti nzito.

Usikubali mtu akuambie kwamba haya ni mambo ya Wazungu na hayatufiki. Televisheni ilipoingia mkoa wa Nadroga huko Fiji mwaka 1995, mwili mnene ulikuwa sifa mahali pale. Mtafiti Anne Becker na wenzake waliwahoji wasichana wa sekondari wiki chache baada ya televisheni kufika, kisha wakahoji kundi lingine la wasichana wa shule mwaka 1998. Wenye alama za ulaji wa hatari walikuwa wamepanda kutoka asilimia 12.7 hadi 29.2, na wanaojitapisha ili wapungue walitoka sifuri hadi asilimia 11.3. Ilichukua miaka mitatu, kwa televisheni tu, kabla ya simu za mkononi.

Jambo la pili la kulijua ni balehe yenyewe. Wasichana huanza kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya miaka 9 na 14, na yote hayo ni kawaida. Kwa hiyo kidato cha kwanza cha watoto wa miaka 13 na 14 kina msichana mwenye umbo la mtu mzima, ameketi dawati moja na mvulana ambaye sauti bado haijabadilika. Wasichana hutangulia kurefuka, kwa wastani miaka miwili hivi. Nyonga za binti hupanuka na mafuta huongezeka kwa sababu ndivyo mwili unavyotakiwa kufanya. Takriban nusu ya wavulana huvimba kidogo kifuani wakati wa balehe, na kwa wengi hali hiyo hutoweka ndani ya miaka miwili. Mvulana asiyejua hilo huvaa sweta mchana kutwa katika joto la Dar es Salaam.

Halafu kuna wale ambao miili yao inachelewa kwa sababu ya kitabibu. Selimundu (sikoseli), ugonjwa wa damu wa kurithi, huchelewesha balehe na kimo, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo. Watoto waliozaliwa na virusi vya UKIMWI mara nyingi hubaki wafupi. Mwanafunzi anayeitwa "mtoto" na darasa zima huenda anabeba siri ambayo hawezi kuitumia kujitetea.

Hatua ya kwanza: sikiliza kabla ya kupanga

Tenga wiki mbili. Chukua boksi la karatasi, litoboe juu, liweke mahali ambapo mwanafunzi anaweza kupita bila kuonwa na mwalimu wa zamu. Katika kipindi cha darasa wape kila mmoja robo ya karatasi isiyo na jina, wote waandike kwa wakati mmoja ili asiyekuwa na la kusema naye aonekane anaandika. Maswali matatu yanatosha:

1. Ni maneno gani kuhusu mwili umeyasikia shuleni wiki hii? Usitaje mtu.
2. Ni wapi au saa ngapi hapa shuleni unatamani usionekane?
3. Je, kuna mtu mzima hapa shuleni anayesema maneno hayo?

Swali la pili ndilo litakalokupa programu yako. Majibu yatakuja kama ramani: bafuni bwenini, mstarini asubuhi, uwanjani siku ya michezo, kwenye foleni ya bwalo, ubaoni wakati wa kuandika umegeuza mgongo. Swali la tatu litakuuma, na ndiyo sababu tunalo.

Majibu yaandikwe kwa Kiswahili. Kama shule yako ina sheria ya Kiingereza tu, ombeni sheria hiyo iondolewe katika vipindi hivi. Matusi ya mwili hutolewa kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani. Mtoto akilazimishwa kuyaeleza kwa Kiingereza atakuandikia sentensi tatu za kitabuni.

Hatua ya pili: anza na ofisi ya walimu

Omba dakika arobaini katika kikao cha walimu. Usiende na lawama, nenda na karatasi za swali la kwanza na la tatu ulizozichapa upya ili mwandiko usitambulike, na majina ya walimu umeyaondoa. Zisome tu. Ukimya utakaofuata utakusaidia kuliko hotuba yoyote.

Kisha pendekeza mambo machache ambayo hayahitaji fedha.

Majina. Mwalimu aite mwanafunzi kwa jina lake, au kwa nafasi yake: "wa tatu dirishani." Mwalimu wa nidhamu atasema utani ni mila yetu. Ni kweli, na mila hiyo ina kanuni. Mngoni humtania Mhehe kwa sababu Mhehe naye atamrudishia, na hakuna anayekwenda nyumbani amevunjika. Basi kipimo ni rahisi: je, anayetaniwa anaweza kurudisha kwa uzito uleule? Mwanafunzi hawezi kumrudishia mwalimu. Mmoja hawezi kuwarudishia arobaini.

Uzito. Kama kuna zoezi la afya linalohitaji mizani, kila mwanafunzi apimwe peke yake, nyuma ya pazia, na namba isisomwe kwa sauti. Na msitumie viwango vya watu wazima kumwambia mtoto wa miaka 14 kwamba ni mnene. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2007 chati za rejea kwa umri wa miaka 5 hadi 19, ambazo huzingatia umri na jinsia. Kazi hiyo mwachieni muuguzi.

Mazoezi. Mchakamchaka ni mzuri. "Wewe kimbia mizunguko mitano, upunguze hilo tumbo" ni adhabu, na mtoto anayeadhibiwa kwa kukimbia hatakimbia tena akishamaliza shule. Siku za michezo ruhusuni traksuti, taiti chini ya sketi ya netiboli, na hijabu kwa anayeitaka. Wasichana wengi wanaodai tumbo linauma kila Ijumaa wanaikimbia sketi.

Sare. Hili halizungumzwi vya kutosha. Binti aliyeshonewa sketi Januari ya kidato cha kwanza, nyonga zake zimepanuka kufikia kidato cha pili, na nyumbani hakuna pesa ya sketi nyingine. Anasimamishwa mstarini mbele ya shule nzima kwa kosa la kuvaa sketi inayobana. Amekosa nini hasa, kukua? Matroni amwite pembeni, na shule iwe na sanduku la sare zilizoachwa na wahitimu, pamoja na uzi na sindano ya kufumua mishono. Fundi wa mtaani anaweza kuombwa aache akiba ya kitambaa pembeni tangu mwanzo.

Bwalo. Anayepakua asitoe maoni. "Wewe umeshashiba hata bila kula" haichekeshi kwa mtu aliyeisikia mara mia.

Mkuu wa shule akiyakubali haya na kuyatangaza mwenyewe mstarini, umefanya nusu ya kazi. Asipoyakubali, endelea na vipindi kwa kiwango unachoweza, ila usiahidi wanafunzi kwamba shule imebadilika.

Hatua ya tatu: wakati, kundi, mwezeshaji

Kidato cha pili ndicho chenye uhitaji mkubwa, lakini Novemba kuna mtihani wa taifa, kwa hiyo maliza vipindi vyao muhula wa kwanza. Kidato cha kwanza waje muhula wa pili wakishazoeana. Tumia muda wa klabu. Kama shule ina Klabu ya Fema au Girl Guides, ingia humo badala ya kuunda klabu mpya yenye katibu na mhuri. Skauti wa kike wa kimataifa wana programu yao ya kuukubali mwili iitwayo Free Being Me tangu 2013, na viongozi wa Girl Guides wa wilaya yako huenda wanaifahamu.

Kundi lisizidi ishirini. Ukiwa na darasa la sitini, gawa makundi matatu na utafute wawezeshaji wawili zaidi. Chagua mwalimu ambaye wanafunzi humfuata wenyewe wakiwa na shida, hata kama ni wa Hesabu. Usimchague anayezungumzia mlo wake wa kupungua kila siku ofisini. Wavulana na wasichana wakae mbalimbali katika vipindi vya mwanzo, wakutane mwishoni.

Fulana za uzinduzi, keki na mgeni rasmi ziache. Unahitaji karatasi, bango kitita na maka peni.

Hatua ya nne: vipindi vyenyewe

Msingi wa vipindi hivi nimeuchukua kwenye aina ya programu iliyofanyiwa majaribio mengi kuliko nyingine, ile iliyoanzishwa na Eric Stice na wenzake huko Marekani. Wazo lake ni jepesi: mtu akisimama kwa hiari yake na kuupinga mtindo fulani mbele ya wenzake, moyo wake huanza kuufuata mdomo wake. Kwa hiyo mwalimu hahubiri. Ukiona umezungumza dakika tano mfululizo, kaa chini.

Kipindi cha kwanza: orodha. Weka kanuni moja kubwa ubaoni: tunazungumzia orodha, hatumzungumzii mtu. Kisha uliza, "Mtaani kwenu, msichana anayesifiwa ana mwili gani?" Andika kila kinachosemwa bila kukunja uso. Kiuno chembamba, makalio makubwa, mguu wa bia, tumbo hakuna, rangi nyeupe, nywele ndefu, meno yenye mwanya, asiwe mrefu kuliko mume. Kwa wavulana: mrefu, kifua, misuli ya tumbo, ndevu. Ubao ukijaa, uliza nani anamfahamu mtu mmoja mwenye vyote. Watacheka. Waache wacheke, halafu uliza swali la kweli: "Tukiiamini orodha hii, nani anapata pesa?" Wataanza kutaja wenyewe, kutoka muuza krimu na muuza mawigi hadi mwenye gimu, muuza vidonge na mwenye ukurasa unaolipwa matangazo. Hapa ndipo hewa ya chumba hubadilika. Kijana hapendi kuonekana mjinga aliyeliwa pesa.

Kazi ya nyumbani ni nusu ukurasa: kuifuata orodha kunagharimu nini? Pesa, muda, afya, masomo, urafiki.

Kipindi cha pili: waisome kazi ile kwa sauti, anayetaka tu. Ni kifupi.

Kipindi cha tatu: balehe bila aibu. Mwalimu wa Bayolojia aje, lakini na maswali kutoka kwenye boksi badala ya mchoro wa kitabuni. Kwa nini ziwa moja ni kubwa kuliko jingine? Kwa nini mimi bado? Michirizi kwenye mapaja ni ugonjwa? Chunusi zinatoka kwa sababu ya mawazo machafu? Jibu kila moja kwa ufupi na kwa ukweli. Zamani kungwi na ngariba walikuwa na wakati maalumu wa kumfundisha kijana mwili wake, pamoja na mengine ambayo leo hatuyataki. Nafasi ile imebaki wazi, na simu imejikaribisha yenyewe.

Kipindi cha nne: picha. Wanafunzi wetu hawaruhusiwi simu shuleni, jambo ambalo hufanya walimu wengi waamini mitandao si tatizo lao. Ukweli ni kwamba wa bweni huipata yote kwa mkupuo wakati wa likizo. Kwa hiyo kipindi hiki kiweke wiki ya mwisho kabla ya kufunga shule, hata ikibidi vinavyofuata vitangulie. Tumia simu yako: jipige picha ya kawaida, kisha ileile kwa filta inayochonga taya na kung'arisha ngozi. Tumia sura yako mwenyewe, kamwe usitumie ya mwanafunzi. Wazungushie wote waione, kisha waorodheshe kilichobadilika. Halafu leteni mabango ya saluni, kalenda na matangazo ya magazeti, wafanye uchunguzi uleule: mwanga umetoka wapi, nini kimefutwa, nani amelipa. Waambie pia lililofichuka mwaka 2021, kwamba tafiti za ndani za kampuni yenye Instagram zilionyesha asilimia 32 ya wasichana waliokuwa wakijisikia vibaya kuhusu miili yao walisema mtandao huo uliwazidishia. Wamiliki walijua. Maliza kwa kila mmoja kuamua kurasa ambazo ataacha kuzifuata likizoni.

Kipindi cha tano ni cha ngozi na vidonge. Nimekipa sehemu yake hapa chini kwa sababu kina hatari zake.

Kipindi cha sita: majibu ya papo hapo. Wavulana na wasichana sasa wako pamoja. Andaa vikaratasi vyenye maneno halisi kutoka kwenye boksi, wawili wawili waigize. Lengo ni jibu fupi lisilo tusi. Kwa rika: "Jina langu unalijua, liite." Kwa mtazamaji, ambaye ndiye mwenye nguvu kuliko wote: "Muache, tuendelee na mpira." Kwa mkubwa ni kazi nyingine kabisa, maana mtoto wa kwetu hamjibu shangazi. Wafundishe kupokea heshima na kuhamisha mazungumzo: "Shikamoo shangazi, mimi ni mzima kabisa. Bibi anaendeleaje?" Jaribuni mara kadhaa hadi ulimi uzoee. Wanafunzi hukipenda kipindi hiki kuliko vingine, na kelele zitasikika hadi ofisini, kwa hiyo mtaarifu makamu mapema.

Kipindi cha saba: barua. Kila mmoja amwandikie mtoto atakayeingia kidato cha kwanza Januari ijayo, amweleze atasikia nini na asiamini nini. Barua hazina jina. Zikusanye, zisome zote, ondoa yenye taarifa ya mtu, na uzigawe mwaka unaofuata.

Tahadhari moja kuhusu zoezi linalopendwa sana, la kuorodhesha "mambo ambayo mwili wangu unaniwezesha." Ni zuri, lakini kwa mwanafunzi mwenye ulemavu au maumivu ya selimundu linaweza kugeuka dhihaka. Mwache kila mtu achague kuandika kuhusu mwili wake au kuhusu mtu anayempenda.

Ngozi, mkorogo na vidonge vya shepu

Usijidanganye kwamba wanafunzi wako ni wadogo mno. Mkorogo hupikwa bwenini kwa kuchanganya losheni na krimu za kwenye vikopo visivyo na lebo, na wavulana nao wamo.

Eleza kinachofanywa na viambato vitatu vya hatari vinavyopatikana kwenye krimu hizo, usitishe. Zebaki huzuia utengenezaji wa rangi ya ngozi, na ikiingia mwilini huharibu figo. Hidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu bila daktari inaweza kuifanya ngozi ibadilike kuwa nyeusi na ngumu kwa mabaka, kinyume kabisa na kilichotafutwa. Krimu kali za steroidi huikondesha ngozi, huleta michirizi na chunusi, na kidonda huchelewa kupona. Nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana mwaka 2023 kuondoa vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki kufikia 2025, na hapa Tanzania usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango (TBS) tangu 2019. Bidhaa isiyo na orodha ya viambato wala jina la mtengenezaji, isitumike. Sheria hiyo moja inatosha kwa mtoto wa miaka 15.

Jambo ambalo walimu hulikosea: ukimkamata mwanafunzi na krimu ya steroidi aliyoitumia miezi mingi, usimnyang'anye na kumwambia aache leo. Ngozi huweza kulipuka kwa muwasho na wekundu, naye ataona uliharibu wewe. Mpeleke kwa mganga wa kituo cha afya, ampangie namna ya kuacha.

Vidonge vya kunenepesha navyo vina majina mengi ya mtaani. Vingi ni dawa za kawaida zilizotoka njiani: siprohepitadini, ambayo ni ya mzio na huongeza hamu ya kula pamoja na usingizi, na deksamethasoni, steroidi inayouvimbisha uso, kupandisha sukari na kudhoofisha kinga. Mwanafunzi anayesinzia kila kipindi na uso wake umekuwa duara ghafla, muulize kwa upole kabla ya kumchapa kwa uvivu.

Katika kipindi hiki usitaje dozi, usitaje majina ya bidhaa, usionyeshe mchanganyiko. Vilevile usimlete "aliyepona" aje atoe ushuhuda wa alivyokuwa akijinyima chakula au kujitapisha. Mwaka 1997 ulichapishwa utafiti wa chuo kimoja Marekani: waliohudhuria kikao cha namna hiyo walikuwa na dalili nyingi kidogo, baadaye, kuliko wasiohudhuria. Watafiti walidhani kwamba huenda kikao kiliifanya hali hiyo ionekane ya kawaida.

Mwanafunzi mwenye ualbino anahitaji neno la pekee. Kofia pana, mikono mirefu na krimu ya kukinga jua ni ulinzi wa lazima kwake, kwa hiyo kanuni ya "kofia vua" isimhusu, na asikalishwe dirishani linakopiga jua. Moshi hutengenezwa krimu ya jua kwa ajili yao, kazi iliyoanzia katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC; muulize mganga wa wilaya inavyopatikana. Usimsimamishe mbele kama mfano wa ujasiri isipokuwa ameomba mwenyewe.

Wazazi

Mkutano wa wazazi ni mrefu, jua ni kali, na ajenda ya michango imeshachukua saa mbili. Omba dakika kumi mwanzoni, si mwishoni. Usiseme "taswira ya mwili." Sema: "Watoto wenu wameandika maneno wanayoyasikia. Nitayasoma." Soma matano, likiwemo moja la nyumbani. Kisha omba mambo mawili tu: mtoto akirudi likizo, swali la kwanza lisiwe kuhusu unene wala rangi yake, na ndugu wasilinganishwe, huyu mweupe na yule mweusi. Baba mmoja atasimama aseme sisi tuliitwa majina hayo na tumekua. Mkubalie kwamba amekua, kisha muulize kama bado analikumbuka jina lake. Hilo humaliza mjadala bila ugomvi.

Kumtambua anayehitaji zaidi ya programu

Dalili za kukufanya usisubiri kipindi kijacho: anaanguka mstarini zaidi ya mara moja; haonekani bwalo, au anakwenda chooni kila baada ya kula; hedhi imekatika; anavaa sweta kwenye joto; ana alama za kujikata; anasema afadhali asingekuwepo. Wakati wa Ramadhani kuwa makini bila kuwa mkaguzi. Wanaofunga wengi wamefunga kwa imani, lakini anayeendelea kutokula baada ya futari na baada ya Idi anahitaji mazungumzo.

Zungumza naye faraghani mahali panapoonekana na wengine, kwa mfano chini ya mti karibu na ofisi. Anza na ulichokiona: "Nimekuona wiki hii huji kula." Usianze na uzito. Usimwahidi siri kamili. Mwambie kwamba ukiona maisha yake yako hatarini utamhusisha mtu wa kusaidia, na utamwambia kwanza. Hapo ndipo wanaingia mzazi, kituo cha afya, afisa ustawi wa jamii wa kata, na dawati la ulinzi na usalama wa mtoto la shule kama lipo. Namba 116 ni simu ya huduma kwa mtoto, bila malipo, Tanzania na Kenya pia. Ibandike mlangoni kwa ndani, chooni, ambapo mtu anaweza kuisoma bila kutazamwa.

Kupima kama imefaa

Kabla ya kipindi cha kwanza na mwezi mmoja baada ya cha mwisho, wape karatasi isiyo na jina yenye kauli tano, kila moja wakiipa alama kutoka 1 hadi 5: nauheshimu mwili wangu, naweza kushiriki michezo bila kuogopa macho ya watu, wiki hii nimejilinganisha na picha za watu, nikisikia mwenzangu anataniwa mwili nitasema neno, walimu hapa huniita kwa jina langu. Kwenye kauli ya tatu alama ndogo ndiyo nzuri, kumbuka unapojumlisha. Piga wastani wa kila kauli kwa kundi zima, wavulana na wasichana mbalimbali.

Kauli nne za mwanzo zinaweza kusogea polepole, hata kurudi nyuma kidogo mara ya kwanza, kwa sababu vijana wameanza kuona walichokuwa wakikipuuza. Kauli ya tano ndiyo ya kuipeleka kwenye kikao cha walimu. Ikiwa haijapanda, usirudie vipindi kwa wanafunzi. Rudi hatua ya pili. Linganisha pia mahudhurio ya siku ya michezo na idadi ya waliokosa mlo bwalo, kwa kuwa takwimu hizo shule inazo tayari na hazidanganyi ili kumfurahisha mwalimu.

Mwaka wa pili wape wanafunzi wa kidato cha tatu waliopitia programu nafasi ya kuongoza kipindi cha kwanza na cha sita, mwalimu akiwa nyuma ya darasa. Kipindi cha balehe na kile cha mkorogo na vidonge usiwaachie.